Ziwa juu, ziwa chini: mshono umeondoka

Imekubali ile picha ya mapigo mawili katika fremu moja, hapa Kigoma. Chini kuna Ziwa Tanganyika, juu kuna Ziwa Tanganyika lililogeuzwa, katikati weusi mtupu, na taa za wavuvi wa dagaa zinawaka pande zote mbili. Faili limetoka kwenye kamera likiwa hivyohivyo. Kwenye kompyuta nimeongeza mwangaza kidogo na kufuta chembe za vumbi, basi. Sheria ya mradi haijabadilika: kila kitu kinachoonekana kwenye picha lazima kiwe kimepita kwenye lenzi, na kiunganishwe ndani ya kamera kabla sijaifikisha nyumbani.

Njia yenyewe wengi mnaijua. Unapiga mara ya kwanza, unageuza kamera kichwa chini miguu juu, unapiga ya pili juu ya ile ya kwanza. Kilichonila muda wote huu ni mshono, yaani pale picha mbili zinapokutana.

Nilianza na jioni, pale Bangwe, jua likizama upande wa Kongo, maana rangi za saa ile zinashawishi. Kadi nyeusi inasimama mbele ya lenzi na kufunika nusu ya juu, yaani mbingu. Ukigeuza kamera, kadi hauigusi. Inabaki palepale ikifunika mbingu ileile, ila sasa kwenye fremu imehamia nusu ya pili. Kwa maelezo ni jambo safi kabisa. Shida ni kwamba ukingo wa kadi lazima upite katikati kamili ya lenzi. Ukishuka milimita moja, nusu zote mbili zinakosa mwanga sehemu ileile na unapata utepe mweusi unaokata anga. Ukipanda milimita moja, nusu zote mbili zinapokea mwanga hapohapo na utepe unakuwa mweupe. Kosa la upande mmoja linahesabiwa mara mbili, kwa sababu kamera imegeuka na kadi haikugeuka. Ukifungua tundu la lenzi hadi f/2, ukingo unalainika na utepe unatawanyika mpaka anga lote linaonekana chafu. Ukibana hadi f/16, ukingo unakuwa mkali kama wembe na mshono unaonekana hata kwenye skrini ya simu. f/5.6 ndiyo ilikuwa na nafuu, na nafuu hiyo haikunitosha. Nilibandika kadi kwenye kipande cha mbao chenye skrubu ya kuisogeza taratibu. Upepo wa ziwa ukija, kadi inatikisika, kazi yote inarudi mwanzo. Hasira niliyokuwa nayo zile jioni bado naikumbuka vizuri.

Kilichofungua mlango ni maneno ya mvuvi mmoja mtu mzima kule Katonga. Nilimuuliza, "Shikamoo mzee, leo hamwendi?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Mwezi huu wote huu, dagaa atakuja kwenye taa ya nini? Subiri giza."

Subiri giza! Dagaa na migebuka wanavutwa na taa pale tu mbingu ikiwa nyeusi, ndiyo maana mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inakaa ufukweni na watu wanashona nyavu. Na kamera nayo, ukiiambia ijumlishe picha mbili, inajumlisha mwanga. Weusi ni sifuri, na sifuri ukijumlisha na taa unabaki na taa. Kwa hiyo mbingu ikiwa nyeusi kweli, kadi haina kazi. Giza lenyewe ndilo linalofunika nusu ya fremu, na halina ukingo, kwa hiyo halina mshono. Georges Méliès, mtengeneza filamu wa Ufaransa, alilijua hili tangu miaka ya 1890: pazia jeusi nyuma ya mtu, mkanda unarudishwa nyuma, unapitishwa tena. Nilikuwa nimesoma habari zake muda mrefu, lakini sikuwahi kuliangalia ziwa la usiku kama pazia. Sasa kalenda yangu na ya wavuvi ni moja.

Likabaki tatizo la upeo wa macho, na hili nalo lilinisumbua vibaya. Ukigeuza kamera kwa kutumia kichwa cha tripodi, lenzi haibaki inatazama palepale. Inahama kidogo, inainama kidogo, na ule mstari wa taa wa juu unatua popote unapotaka. Mara uko karibu mno na wa chini, mara umelala mshazari. Ili mistari yote miwili iwe umbali sawa kutoka katikati, kamera lazima izunguke kwenye mhimili wa lenzi yenyewe. Lenzi kubwa za milimita 70–200 zina pete ya kushikia tripodi na zinazunguka hivyo bila taabu. Rafiki yangu anayepiga picha za harusi aliniazima yake na ikafanya kazi vizuri sana, ila giza la mwezi likiangukia Jumamosi, lenzi iko ukumbini.

Kwa hiyo nikaenda kwa fundi seremala mtaa wa Mwanga tutengeneze pete yangu mwenyewe. Tumekata kipande cha bomba la plastiki la inchi 3, tukalipasua upande mmoja, ndani tukabandika mpira wa tyubu ya baiskeli, likakaa kwenye gogo la mninga lenye kimo cha kutosha ili kona za kamera zisigonge tripodi wakati wa kuzunguka. Linabana lenzi yangu ya milimita 85 nyuma ya pete ya fokasi, mahali pasipozunguka. Alama ya rangi nyeupe iko juu, nyingine chini. Unalegeza boliti ya kipepeo, unazungusha mpaka alama zikutane, unakaza. Nasema bila woga: hiki ndicho kifaa bora kuliko vyote nilivyonavyo. Watu wanakusanya filta za bei mbaya wakati tatizo lao linaisha kwa bomba na mpira.

Kuhusu kamera, mambo mawili yashikwe. La kwanza, kile kipengele kinachogawa mwanga baina ya picha mbili kizimwe. Kikiwashwa, kila picha inapewa nusu ya mwanga, na kwenye giza hakuna sababu ya kugawa chochote. Taa zinafifia bure. La pili, yangu ikikaa nusu dakika bila kuguswa baada ya skrini kuzimika inaamua kwamba umemaliza na kulifunga faili lenye picha moja. Kuzungusha pete gizani kunahitaji zaidi ya hapo. Dawa ni kuongeza muda wa skrini kwenye menyu. Fokasi naiweka kwa mkono kwenye taa ya mbali na kuibandika gundi ya karatasi. Nimetulia kwenye ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 1600, f/4, sekunde 2. Ukienda sekunde 30 mawimbi yanaichora kila taa kama mwandiko wa mtoto na mtumbwi haueleweki tena.

Naambiwa kwamba Photoshop inageuza picha kwa kubonyeza mara moja. Inageuza, ndiyo, lakini inageuza picha ileile. Kwangu, kati ya pigo la kwanza na la pili mitumbwi imeshasogea, taa moja imezimwa, nyingine imewashwa karibu na ufuko. Ziwa la juu ni la dakika nyingine. Halafu kamera imezunguka, haikuakisi: mtumbwi ulio kushoto chini unatokea kulia juu, jambo ambalo maji hayafanyi kamwe. Mtu akiitazama anahisi kuna kitu kimekataa kabla hajajua ni kitu gani. Hapo ndipo picha ya namna hii inapopata nguvu yake. Jerry Uelsmann, mpiga picha wa Marekani aliyefariki 2022, aliunganisha negativu zake kwenye chumba cha giza kwa kuhamisha karatasi moja kutoka mashine moja ya kukuzia picha hadi nyingine. Hakuunganisha ndani ya kamera, lakini subira ile ni ya ukoo huu.

Vikwazo vilivyobaki ni vya mbingu. Mwanga wa mjini unafika mbali kuliko nilivyotarajia, na kwa kuwa kamera inajumlisha, wekundu ule hafifu unakuja mara mbili. Kutoka Kibirizi haifai kabisa. Msimu wa mvua radi za upande wa Kongo zinamulika milima na giza lote linapotea kwa pigo moja. Na kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na katika muda huo hakuna taa ya kupiga. Siulalamikii uamuzi huo. Bila dagaa hakuna taa za kupiga hata kidogo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuzileta taa hizi juu ya jengo la stesheni, pale reli ilipofikia mwaka 1914, ziwe zinaning'inia juu ya paa. Nimeiweka pembeni. Wakati nazungusha pete juzi niliikaza ikiwa robo tu ya mzunguko, nikaona kwenye skrini mstari wa taa umesimama wima ukutani. Kwa nini niishie pande mbili? Mapigo manne, robo kwa robo, na ziwa linakuwa kuta nne za chumba: maji sakafuni, maji darini, maji kulia na kushoto. Tatizo naliona tayari. Mistari itapita pembeni na kukatana kwenye kona, taa juu ya taa, na chumba kitapoteza umbo. Inabidi nipate kundi la mitumbwi lililobanana katikati, huku na huku kukiwa kweusi, au nirudishe kadi nyeusi mbele ya lenzi, safari hii kwa kuziba pembe tu. Fundi ameshaongeza alama mbili za rangi kwenye bomba, na mwezi unaanza kupungua wiki ijayo.