Mzazi akishasaini, mtoto anasemewa na nani?

Hapa Uingereza ukisikia watoto wa fulani wamechukuliwa na soshal, yaani idara ya ustawi wa jamii ya kaunsili (halmashauri ya eneo), maswali kwenye magrupu yetu ni yale yale, mama kasaini kukubali watoto watolewe nyumbani? kalazimishwa? ana wakili? Ni maswali ya maana sana na siyapingi, ila yote yanamhusu mzazi, na mtoto ambaye ndiye kahamishiwa nyumba ya watu asiowajua hata hatajwi. Hili linaniuma.

Kifungu cha 20 cha Sheria ya Watoto ya 1989 kinairuhusu kaunsili impe mtoto mahali pa kukaa bila amri ya hakimu, mradi mzazi mwenye mamlaka juu yake hajapinga. Kwa mama aliyelazwa hospitali na hana ndugu karibu huo ni msaada mkubwa jamani. Mamlaka yake yote ya mzazi yanabaki kwake, na anaweza kumrudisha mtoto nyumbani wakati wowote, sheria haimdai notisi.

Tatizo ni pale hiyo hiari inapokuwa ya karatasi tu. Kuna kesi ya kaunsili ya Hackney, London, mwaka 2007 mtoto mmoja kati ya 8 wa familia moja alikamatwa akiiba dukani, akasema baba amempiga na mkanda, polisi wakawachukua wote kwa zile saa 72 wanazoruhusiwa kumkaa na mtoto ili kumlinda, halafu wazazi wakasaini karatasi bila kuelezwa vizuri kwamba wana haki ya kukataa, watoto wakakaa nje kama miezi miwili. Kesi ilifika Mahakama ya Juu na 2018 wazazi wakashindwa. Na kabla ya hapo, 2012, jaji Hedley aliamua kesi ya Coventry ya mama aliyeombwa kibali cha kumtoa kichanga chake siku ile ile aliyojifungua, yuko kwenye mofini, dawa kali ya maumivu! Jaji alisema wazi haikuwa haki.

Sasa angalia upande wa mtoto. Kaunsili ikienda mahakamani kuomba amri, mtoto naye anakuwa mhusika kwenye kesi, anapewa mlezi wa mahakama (mtu wa kumwangalia maslahi yake kwenye kesi) kutoka Cafcass, shirika la umma la kazi hiyo, na wakili wake mwenyewe, na kesi inatakiwa iishe ndani ya wiki 26. Kwa kifungu cha 20 hana hakimu wala mlezi wa mahakama, saa ya kuhesabu hizo wiki haipo, kwahiyo mtoto anaweza kukaa miezi na miezi anasubiri tu watu wazima waamue. Jaji Munby alilikemea hilo 2015, na mimi naona ndio ubaya mkubwa kuliko hata hiyo sahihi ya mzazi.

Sio kwamba mtoto hana kitu kabisa. Sheria inataka aulizwe anataka nini na kauli yake ipewe uzito kulingana na umri na akili yake. Kuna afisa huru anayesimamia vikao vya kupitia hali yake, cha kwanza ndani ya siku 20 za kazi, cha pili ndani ya miezi mitatu baada ya hapo, halafu kila miezi sita. Anaweza kuomba mtetezi wa kumsemea, bure. Akifika 16 anaweza kukubali mwenyewe kupewa makazi hata kama wazazi hawataki. Ila niambie ni watoto wangapi wa kwetu wanajua hata kuna huyo mtetezi?

Na kuna jambo nimeliona kwenye familia zetu, mama Kiingereza chake kidogo, mkalimani hajaletwa, basi mtoto ndio anageuzwa mkalimani kwenye kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Anatafsiri tuhuma dhidi ya mama yake, halafu anageukiwa hapo hapo mbele ya mama anaulizwa, na wewe unataka kukaa wapi? Atajibu nini hapo? Hilo haliwezi kuitwa kumsikiliza mtoto. Daini mkalimani wa kulipwa, na daini mtoto aongee peke yake na mtu anayemwamini.

Ndugu mnaojitolea kumchukua mtoto nanyi kabla ya kukubali ulizeni, anakaa kwenu kama mtoto aliye chini ya kaunsili au mmepatana tu kifamilia? Maana msaada wa vijana wanaotoka kwenye malezi ya kaunsili unategemea hilo, anatakiwa awe amekaa chini ya kaunsili wiki 13 kuanzia miaka 14, na sehemu ya hizo wiki iwe baada ya kutimiza 16.

Halafu ulizeni wadogo zake wako wapi na watakutana lini, msikitini au kanisani atampeleka nani, na Kiswahili ataongea na nani kule alikopelekwa, maana kifungu cha 22 kinaitaka kaunsili izingatie dini, asili na lugha ya mtoto. Majibu yaandikwe kwenye mpango wake wa malezi, na mpewe nakala.