Nilivyonyamazisha gitaa la kwaya kwa rangi ya kaboni

Gitaa la umeme la kwaya yetu lilikuwa linanguruma kila tyubulaiti za kanisani zinapowashwa. Mpigaji akigusa nyuzi, mngurumo unapungua. Akiachia, unarudi pale pale. Kwa fundi, dalili hiyo inatosha: kelele inaingilia hewani, inadakwa na nyaya za ndani na koili za pikapu, yaani vidaka sauti vilivyo chini ya nyuzi.

"Mwalimu, niachie mpaka Jumamosi."

"Fundi, Jumapili kuna kipaimara. Usinitie aibu."

Dawa inayojulikana ni kubandika utepe wa shaba ndani ya mashimo ya gitaa yanayobeba pikapu na nyaya, ili udake kelele na kuipeleka ethi. Bei yake ilinikata stimu, na foili ya jikoni haishiki risasi ya kuchomelea. Nikaamua kutengeneza rangi inayopitisha umeme.

Gundi nyeupe ya mafundi seremala haipitishi umeme. Ukiitia kaboni kidogo, bado haipitishi. Endelea kuongeza, utafika kiwango ambapo punje zinagusana kutoka upande huu hadi ule, na umeme unapata njia kwa ghafla. Ni kama mawe ya kuvukia mto: likikosekana moja, huvuki. Ndiyo maana mirija ya nano ya kaboni, midogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, inasifiwa sana. Ni mirefu na myembamba, kwa hiyo hata chini ya asilimia moja ya uzito inaweza kutosha kuunganisha njia. Mimi sina mirija hiyo, na kwa kazi hii siihitaji.

Nilitumia unga wa grafaiti ambao mafundi kufuli hulainishia vitasa, pamoja na kaboni nyeusi kutoka kwa rafiki yangu wa kiwanda cha mpira, ile ile inayoyapa matairi rangi. Vipande vya grafaiti ni bapa na vikubwa. Punje za kaboni nyeusi ni za makumi ya nanomita tu (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), zinajaza mianya katikati. Usidanganyike na rangi nyeusi ya saruji, hiyo kwa kawaida ni oksidi ya chuma. Unga wa betri kuukuu nao una manganizi na chumvi zitakazokula nyaya zako. Vaa barakoa, vumbi hili si la kuvuta.

Tone la sabuni ya vyombo linasaidia kaboni ilowe, maana yenyewe inapenda kuelea juu ya maji. Nikakoroga mpaka ikawa nzito kama rangi ya mafuta, unga ukiwa mwingi kuliko gundi, nikapaka kwanza mraba kwenye kadi. Mraba una faida: ukibana vipande vya foili kwenye pande mbili zinazotazamana, mita ya kupimia omu, yaani ukinzani wa umeme, inakupa usomaji ule ule, mraba uwe mdogo au mkubwa. Ikiwa mbichi usiiamini mita, maji yanaivuruga. Ilipokauka kabisa nikaisugua kwa kitambaa hadi ikang'aa, na usomaji ukashuka hadi kama omu mia tatu.

Nikapaka mashimo yote ya gitaa, nikafunga kwa skrubu waya mmoja kutoka kwenye rangi hadi ethi ya soketi. Bila waya huo rangi ni pambo tu. Mngurumo mwingi ukaisha. Ule mdogo uliobaki ni wa sumaku, kutoka kwenye transfoma ya amplifaya, na kaboni haiuzuii. Mpigaji anageuka upande tu.

Omu mia tatu zinatoshaje? Kelele ya hetsi 50, masafa ya umeme wa majumbani, inarukia gitaa kupitia hewa, ambayo hapa ni kama kapasita ndogo mno ya pikofaradi chache, na kwa masafa hayo hiyo ni sawa na mamia ya mamilioni ya omu. Mbele ya ukuta huo, mia tatu ni barabara ya lami.

Rangi iliyobaki nikaipaka boksi la viatu, nikatia simu ndani, nikapiga. Ikaita. Kwa mawimbi ya redio, ganda jembamba la omu mia tatu linapunguza nguvu yake kwa desibeli nne hivi tu, na simu haijali hizo. Huko ndiko nano inapolipa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, na wenzao wa Korea Kusini walitangaza utando wa MXene, vipande vyembamba mno vya titani na kaboni, wenye unene wa mikromita 45 uliofikia desibeli 92. Mimi nikitaka kukinga saketi ya redio, bado nachukua kopo la maziwa ya unga: linashika risasi vizuri na sitoi hata senti.