Kumbukumbu ya mradi wangu: amadinda ndani ya kompyuta

Awamu hii imefikia pale nilipopatamani tangu mwanzo: programu ninayoiandika sasa hupewa sehemu mbili za wimbo wa amadinda na yenyewe ikatoa ya tatu, bila mimi kuiandikia hata noti moja ya sehemu hiyo.

Amadinda ni marimba ya Buganda yenye mbao 12, ambazo kwa kawaida huchongwa kwa mti wa lusambya na kulazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Hupigwa na watu watatu. Wa kwanza huanzisha kwa okunaga. Wa pili, anayeketi akimkabili, huingiza okwawula katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu hupiga okukoonera kwenye mbao mbili za juu peke yake. Sehemu hii ya tatu haitungwi. Kila noti mbili za chini kabisa za ngazi ya noti tano zinapolia, awe amezipiga wa kwanza au wa pili, mpigaji wa tatu huzirudia oktava mbili juu (oktava ni umbali kutoka noti hadi noti hiyohiyo kwa sauti ya juu zaidi). Wanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, walikuwa na kanuni kamili ya ukokotoaji muda mrefu kabla ya kompyuta kufika Kampala, na ndiyo maana msimbo wa sehemu hii ulikuwa mfupi sana.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye miko, yaani sura tofauti za wimbo mmoja zinazopatikana kwa kuusogeza juu ya mbao. Wimbo ukisogezwa ubao mmoja juu, noti zinazozidi mbao kumi za wapigaji wawili wa kwanza huteremshwa oktava, mkondo wa wimbo hupindika kidogo, na noti zinazoangukia mbao mbili za chini huwa nyingine kabisa, kwa hiyo okukoonera yote hugeuka. Programu sasa huonyesha sura zote tano za wimbo mmoja, na mwanafunzi anaweza kuzisikiliza moja baada ya nyingine.

Kuhusu ulinganifu wa sauti nimefanya uamuzi ambao sitaubadilisha. Ngazi ya amadinda hugawa oktava katika nafasi tano zinazokaribiana, takribani senti 240 kila moja (senti ni kipimo cha umbali kati ya noti; oktava nzima ni senti 1200), ilhali piano haina nafasi ya namna hiyo popote. Hata hivyo hakuna marimba mawili yanayolia sawasawa, kwa sababu fundi huchonga kwa sikio. Kwa hiyo nimepima masafa ya sauti ya kila ubao wa kila marimba niliyoruhusiwa kurekodi, na programu inahifadhi kila moja kwa sauti yake. Kuyasawazisha yote kwa kipimo kimoja kungekuwa kuyafuta huku tukidai kuyahifadhi.

Mzee mmoja anayenifundisha alisikiliza matokeo kwa makini, kisha akaniambia, “Mwalimu, hapa nimekaa upande wa okunaga. Nihamishe ng’ambo.” Kila mpigaji huyahisi mapigo yake kuwa ndiyo msingi na ya mwenzake kuwa ndiyo yanayoingia katikati. Sehemu hizo mbili zikiungana huzidi mapigo 500 kwa dakika, hivyo mahali ulipoketi huamua wimbo gani unausikia. Tangu siku hiyo msikilizaji huchagua kiti chake: spika ya kushoto, ya kulia, au zote mbili.

Ili kuhakiki kanuni nimekuwa nikilinganisha matokeo na rekodi za Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, ambazo nakala zake zipo Chuo Kikuu cha Makerere. Rekodi hizo zina uzito wa pekee kwa kuwa zilifanywa kabla ya ikulu ya Kabaka huko Mengo kushambuliwa mwaka 1966 na wanamuziki wake kutawanyika. Falme zilifutwa 1967, na Buganda haikurejeshwa hadi 1993. Miaka hiyo iliziumiza zaidi entenga, ngoma 15 za ikulu zinazohitaji wapigaji sita. Kwa bahati njema ngoma 12 kati ya hizo hupiga nyimbo zilezile za amadinda, kwa hiyo nyimbo zilizokwisha kuingizwa zinaweza kutumika pia kwa mazoezi ya entenga.

Hatua inayofuata ni bigwala za Busoga, tarumbeta za vibuyu ambazo UNESCO iliziweka mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kila tarumbeta hutoa noti moja tu, hivyo wimbo hugawanywa kwa watu badala ya mikono. Kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo, nitakaa na wapigaji wenyewe tukubaliane nani atakuwa mmiliki wa rekodi, na nakala ya kwanza itabaki kwao.