Jumamosi yangu na nyumba kuukuu ya Uhindini, Iringa (siku moja maishani mwangu)

Saa 12 asubuhi
Mwezi wa saba Iringa baridi haina utani, watu wa Gangilonga na Kihesa mnanielewa. Naamka, chai ya maziwa na kiazi cha kuchemsha, naingia kwenye sweta mbili. Mi ni msanifu majengo, Jumatatu mpaka Ijumaa nachora majengo mapya ya wateja, Jumamosi najitolea. Tupo kikundi kidogo tu, kuna mkadiriaji majenzi, injinia, dada mmoja fundi umeme na mzee fundi ujenzi ambaye ametupita wote kwa uzoefu. Hakuna anayelipwa. Tunazisaidia familia zenye nyumba za zamani wazikarabati zidumu, zisile umeme wala simenti bila sababu, na zisipoteze sura yake.

Saa 2
Bajaji inanishusha Uhindini. Nyumba ya leo ni ya tofali mbichi, yaani udongo usiochomwa, kuta nene za sentimita 45, mbele ilikuwa duka, nyuma wanaishi, milango ya mninga. Bibi mwenye nyumba ameshaamka zamani. "Kamwene, bibi." "Kamwene mwanangu, ingia ndani baridi hiyo." Nikaweka kipimajoto nje, kingine sebuleni, nje 10, ndani 17, na hakuna jiko lililowashwa wala heater. Ule ukuta mnene unakunywa jua mchana kutwa alafu usiku unalirudisha ndani taratibu. Tena waliojenga walijua wanachofanya, madirisha makubwa yanatazama kaskazini, na huku kwetu kusini mwa ikweta jua la miezi ya baridi linapita upande huohuo. Watu wanalipa hela nyingi leo kuchorewa nyumba ya hivyo, bibi anayo tayari, na kwenye familia kuna mazungumzo ya kuibomoa.

Saa 3
Kazi ya leo ni ukuta wa upande wa uani. Miaka ya nyuma mtu aliupiga lipu ya simenti kwa nia njema kabisa, ulikuwa unamomonyoka chini akaona auimarishe. Fundi mzee anagonga na nyundo ndogo kuanzia juu, tok tok tok, akifika usawa wa goti sauti inabadilika, inakuwa ya uwazi. Anaingiza ncha ya patasi, kipande kikubwa cha lipu kinadondoka kizima, na nyuma yake tofali limelowa, ukilishika linabaki mkononi, limechorwa na chumvi nyeupe. Na huu ni kiangazi, haijanyesha kitambo!

Hapa naomba niseme taratibu maana nyumba nyingi sana zinakufa kwa hili. Ukuta wa udongo unavuta unyevu toka ardhini, kawaida tu, na unautoa kupitia usoni, unakauka. Ukiufunika na simenti umeuziba, maji yanapanda lakini hayana pa kutokea, yanabaki ndani yanalainisha tofali na chumvi inasukuma lipu mpaka inaachia. Alafu watu wanasema nyumba imezeeka, wanaongeza simenti nyingine juu.

Saa 5
Dawa yake ni chokaa. Yetu imetoka upande wa Songwe, tuliiloweka kwenye pipa mapema na imeshakuwa nzito na laini kama mtindi. Sehemu moja ya chokaa, tatu za mchanga mkali uliopita kwenye chekeche. Ukuta unakwanguliwa mpaka sehemu ngumu, unanyunyiziwa maji, ndo tabaka la kwanza linapigwa, jembamba, halizidi sentimita moja, alafu unaacha. Vijana wawili wanaojifunza ufundi wanataka waongeze lingine palepale waone ukuta umemalizika, mzee anawazuia, "mwacheni apumue." Tunatundika magunia mabichi ili jua lisiukaushe haraka, maana chokaa haikauki tu, inavuta hewa ya ukaa toka hewani ndo inakuwa ngumu, na hiyo kazi inachukua wiki.

Chokaa nayo inachomwa, sisemi haina moshi. Ila inahitaji joto la kama nyuzi 900, simenti inaenda mpaka karibu 1,450, na sehemu ya ile hewa ya ukaa iliyotoka tanuruni chokaa inairudisha ukutani. Simenti peke yake inakadiriwa kutoa kama asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu dunia nzima. Kwahiyo kila mfuko ambao ukuta haukuuhitaji, tusiuweke.

Saa 7
Ugali, maharage na mboga za majani za bibi. Kijana wake wa kwanza amefika toka Dar, ndo yeye anayetaka kubomoa ajenge fremu za maduka za kupangisha. Nilimwelewa kabisa, mtaa wa biashara ule, nyumba inadai matengenezo na yeye ndo anayetuma hela. Akaniuliza, "Dada, sasa jengo jipya la kisasa, bati jipya, taa za sola, hilo si ndo la kijani, rafiki wa mazingira?"

Nikamweleza kuhusu wenzetu Marekani. Mwaka 2012 taasisi yao ya kuhifadhi majengo, National Trust for Historic Preservation, ilitoa utafiti uliolinganisha kukarabati na kujenga upya kwenye miji ya Portland, Phoenix, Chicago na Atlanta. Jengo jipya linalotumia umeme kidogo lilihitaji kati ya miaka 10 na 80 kufidia uchafuzi uliotokea wakati wa kulijenga. Na kule wanapasha nyumba joto na kupoza kwa mashine, kuna matumizi makubwa ya kupunguza. Hapa Iringa bibi hana AC wala heater, jengo jipya litaokoa umeme gani? Tutakuwa tumechoma tofali, nondo na simenti, tumejaza lori za kifusi, ili tupate nyumba yenye baridi zaidi usiku.

Akasema basi si serikali izuie. Nikamwambia hapana, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo, ila nyumba hii haimo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, mlinzi wake ni nyie. Boma la Iringa hapo jirani Wajerumani walilijenga liwe hospitali, baadaye likawa ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho. Limepona kwa sababu kila zama walilipa kazi ya kufanya.

Saa 9
Paani. Injinia anapiga kenchi na bisibisi kutafuta mchwa, mbao mbili tu zimeliwa kwenye ncha, pale maji yalipokuwa yanaingia. Gata hakuna kabisa! Maji yote ya paa yanamwagika kwenye msingi wa ukuta uleule unaooza. Paa lina mita za mraba 120, yaani mvua ya milimita 10 tu ni lita 1,200, bibi ananunua maji ya kufulia wakati anayo juu. Gata na tenki vimeingia nafasi ya kwanza kwenye orodha. Dada wa umeme amekuta nyaya za zamani sana, hizo zote zinabadilishwa, hapo hatuna mjadala.

Madirisha nimekataa ya aluminiamu. Ya mbao yamelegea bawaba na vioo vitatu vimepasuka, fremu ni nzima kabisa.

Saa 11 jioni
Mkadiriaji ameweka makadirio mawili mezani, kukarabati na kubomoa-kujenga, kila kitu kimeandikwa mpaka nauli ya mchanga. Kijana akayasoma kimya muda mrefu, akauliza swali la maana kuliko yote ya siku: je, fremu zinaweza kupatikana humuhumu?

Saa 3 usiku
Niko mezani nachora. Mbele tayari kuna milango miwili mipana ya duka la zamani, mmoja ulizibwa kwa tofali baadaye. Ukifunguliwa, na kizuizi chepesi cha mbao katikati, zinapatikana fremu mbili bila kugusa ukuta mkubwa hata mmoja, na bibi anabaki nyuma na uani wake. Mchoro nimemtumia yule kijana wa bibi, kesho anaupeleka kwenye kikao cha familia. Huo mlango wa pili ubao wake haupo, tunahitaji seremala anayeweza kuunga mninga kwa ulimi na tundu bila misumari, na mninga wenyewe utoke kwenye mbao za zamani. Kama unamfahamu fundi wa hivyo Iringa, Mafinga au hata Njombe, mwambie tuna kazi.