Nilivyoifuata "school" mpaka kwenye mzizi

Nimekulia Unguja, na kwetu mtoto huenda skuli. Nilipohamia Tanga, mzee jirani akanisahihisha: sema shule, skuli ni Kiingereza kilichoharibika. Iliniuma. Nikaamua "school" hii nitaifuata mpaka ilikotoka.

Mwenzangu mmoja mwenye shahada ya lugha akanihakikishia kwamba ni ileile "school" ya samaki, maana Waingereza kundi la samaki nalo huliita "school"; wanafunzi nao si hukaa kundi kundi? Mtoto wa pwani, maelezo hayo yalinikolea. Wiki mbili na bando si haba zikapotea nikiunganisha samaki na madarasa. Kilichonizindua ni karatasi: kila neno nililiandika kwenye mstari wake, na kando yake lugha lilikotokea. Samaki wakaishia kwa Waholanzi wa kale, "schole", yaani kundi. Wanafunzi wakapita "scōl" ya Kiingereza cha kale, wakaingia "schola" ya Kilatini, wakafika "skholē" ya Kigiriki, ambayo mwanzo ilikuwa na maana ya wasaa. Wenye wasaa ndio waliokaa wakajadiliana elimu, na jina likahamia kwenye mjadala, kisha mahali penyewe. Usiamini sura ya neno kabla hujaliuliza limetoka kwa nani.

Mzizi wa "skholē" katika Kihindi-Kiulaya, lugha mama ya Kigiriki, Kilatini na lugha nyingi za Ulaya na India, ni *segh-, kushika. (Nyota ni alama ya umbo lililokisiwa, halijapatikana limeandikwa.) Kushika, kuzuia, kusimamisha kazi, basi wasaa. Lakini Kigiriki "nashika" ni "ekhō". S iko wapi? Hapo nilikesha. Jibu nililipata kwenye wakati ujao wa kitenzi hichohicho: "hexō". Kigiriki hugeuza s ya mwanzo kuwa h ikifuatwa na irabu; saba ya Kilatini ni "septem", yao ni "hepta". Katika "ekhō" h ilidondoka kwa sababu kh inayofuata nayo ina pumzi ya h, na Kigiriki hakipendi pumzi mbili zikaribiane. Katika "skholē" irabu ya katikati ilitoweka, s ikaegemea kh, ikasalimika. Nilipoiona nilisimama kitini! Ukikwama kwenye umbo moja la kitenzi, fungua nyakati zake nyingine.

Na shule? Ni "Schule" ya Wajerumani, waliofungua shule ya serikali hapahapa Tanga miaka ya 1890, na wao waliitoa kwenye "schola" ileile. Skuli na shule ni ndugu wa baba mmoja, mmoja kaletwa na Mwingereza, mwingine na Mjerumani. Nilimpelekea mzee karatasi yangu. Akaisoma mara mbili, akaniomba nimwachie.