CG125 ya mjomba na ile oili ya upande wa kushoto

Siku hizi nina hasira na silikoni. Ile gasketi meka, gundi ya kuzibia ya kwenye tyubu, ambayo ukipeleka pikipiki inavuja oili sehemu yoyote ile jibu ni hilohilo, "kaka hapo tunapiga silikoni tu, inakauka unaondoka". Na kweli inakauka, utakaa mwezi, miwili, halafu oili inatafuta njia nyingine na wewe hujui hata mwanzo ilikuwa inatokea wapi.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya mjomba, ya miaka ya 80. Alikuwa bwana shamba huko Muheza, akazungukia nayo vijiji mpaka anastaafu, na mimi ndo nimeichukua baada ya kukaa bandani muda mrefu sana. Naipenda hii mashine jamani. Honda waliitoa 1976 kwa ajili ya watu ambao pikipiki kwao ni kazi, barabara mbovu, mzigo umezidi, oili inachelewa kubadilishwa, ndo maana kule juu hawakuweka kamshafti, ile shafti ya kufungulia valvu, na cheni yake, waliweka pushirodi, vile vyuma viwili virefu vinavyosukuma valvu kutokea chini. Bodaboda nyingi za Kichina unazoziona mtaani injini zake zimetoka kwenye mchoro huohuo, kwa hiyo pikipiki yenye umri mkubwa kuliko mimi spea yake naipata duka la kona. Hilo sio jambo dogo.

Sasa oili. Ikilala usiku asubuhi unakuta doa chini upande wa kushoto, na nikienda mpaka Pongwe na kurudi cheni imelowa, rimu ya nyuma imelowa. Hapo ndo nilipoona hii sio ya kusubiri, maana oili ikifika kwenye tairi la nyuma halafu ukakutana na kona na lami imenyeshewa, unaanguka tu. Na kwenye CG oili ni moja, kama lita moja hivi, hiyohiyo inalainisha pistoni, inalainisha gia, klachi nayo inaogelea humohumo, kwa hiyo ikipungua inapungua kwa wote.

Shida ya kuvuja ni kwamba sehemu iliyolowa mara nyingi sio inapotokea. Inateremka, upepo unairudisha nyuma, inachanganyika na vumbi na grisi ya cheni unapata tope jeusi injini nzima. Nikaiosha na mafuta ya taa na mswaki wa zamani mpaka alumini ikaonekana, nikaacha ikauke kabisa, halafu nikapaka poda ya mtoto injini yote, pande zote, nyeupeee. Nikawasha, nikaiacha ipate moto, nikazunguka mtaa taratibu nikarudi nikachuchumaa na tochi. Kote kukavu, ila nyuma ya sproketi ndogo, ile gia ya mbele inayozungusha cheni, kamstari ka kahawia kanashuka kwenye poda, katikati kanang'aa, pembeni poda inanyonya na kugeuka udongo. Sili ya shafti, ule mpira wa duara unaozuia oili pale shafti ya sproketi inapotokea nje. Huku kwenye kifuniko cha klachi ambako kumejazwa silikoni na mtu fulani zamani, hata tone hakuna.

Kabla sijaenda dukani nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, hujambo. Honda inatembea?"

Nikamweleza. Akaniuliza inavuja au inakula? Kwa sababu ni vitu viwili, inayokula oili utaiona kwenye moshi wa bluu, hapo ni ringi za pistoni au valvu. Nikamwambia moshi hauna shida mjomba, inavuja tu. Akasema, "Basi kabla hujagusa sili angalia kama inapumua."

Hapo ndo nampendea mzee huyu. Pistoni ikishuka inasukuma hewa ya chini, na gesi kidogo inapenya kwenye ringi, yote hiyo lazima itoke, ndo kazi ya ule mpira wa kupumulia unaoshuka nyuma ya injini. Ukiziba ni sawa na kukandamiza mfuniko wa sufuria inayochemka, mvuke utatokea pembeni tu, na kwenye injini pembeni ni kwenye sili. Nikauchomoa, nikapuliza, haupiti kabisa. Nikaingiza waya wa breki ya baiskeli, ikaanza kumwagika tope kavu vipande vipande, na ndani yake vibuibui vidogo vimekauka miguu imekunjwa. Nyigu! Wale wa kujenga tope kwenye kuta, huwa wanawafungia buibui humo wawe chakula cha watoto wao. Miaka yote pikipiki ipo bandani wao walipata nyumba. Ningebadilisha sili peke yake mpya nayo ingesukumwa vilevile.

Sili bado ilibidi ibadilishwe maana mdomo wake ulishakuwa mgumu, ukiukunja unapasuka. Sproketi inatoka kirahisi, boliti mbili na kibati chake. Sili ya zamani niliitoboa na skrubu ndogo pembeni mbali na shafti, nikaivuta na koleo. Usoni imeandikwa namba tatu, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita, nenda nayo dukani mkononi ulinganishe, usikubali "hii inaingia tu". Mpya nikazungushia selotepu kwenye meno ya shafti yasiukate mdomo, nikapaka oili, upande wenye kaspringi ukaangalia ndani, nikaigonga kwa soketi yenye upana uleule wa sili ili iingie sawa. Sili ya zamani ilikuwa imeshachimba kamstari kwenye shafti, kwa hiyo hii sikuizamisha mpaka mwisho, mdomo ukae kwenye chuma kizima.

Halafu nikamwaga oili nikafungua na kile kifuniko cha klachi japo hakivuji, sikuwa na amani nacho. Kwenye chujio, kale kawavu ka chini, nikakuta nyuzi za silikoni zimelala. Silikoni ikizidi nusu inaminywa nje unaiona, nusu inaminywa ndani huioni, na pampu inanyonya kupitia hapohapo. Nikakwangua yote kwa kipande cha mti maana bisibisi inachimba alumini, nikakata gasketi ya karatasi, ile inayokaa kati ya kifuniko na injini, kwa kuigonga na nyundo kufuata kingo, nikarudisha boliti kwa kupishanisha, kidogo kidogo, hizi ndogo ukizikaza kwa hasira nyuzi za boliti zinaliwa.

Sasa hivi chini pakavu, cheni kavu, na nikiweka kidole kwenye ule mpira injini ikiwaka nasikia inapumua pu pu pu. Kuna unyevu kidogo umebaki kwenye gasketi ya chini ya silinda, hautoni, unakusanya vumbi tu. Huo nimeuacha. Siku nikifungua silinda kwa ajili ya ringi ndo nitaweka gasketi mpya, ya karatasi.