Siku moja gereji Kizota: feni inazunguka na gari bado linachemsha

Saa 12:30 asubuhi nishatoka nyumbani, maana jua la Oktoba hapa Dodoma halina huruma, ikifika saa nne bati la gereji limepata moto na kuinama kwenye boneti inakuwa adhabu. Mimi ni fundi umeme wa magari na msimu huu wa joto kesi kubwa ni moja tu, gari kuchemsha.

Saa 1:15. Dogo anamwagia maji uwanjani kutuliza vumbi, mimi nabadilisha fyuzi ya honi kwenye bajaji ya jirani, chai na chapati mbili, basi.

Saa 2:20 anaingia mzee mmoja na Carina ya siku nyingi, anapiga mchomoko, yaani anabeba abiria, Bahi na mjini. Shikamoo, marahaba mwanangu, halafu akaegemea mlango akasema hii gari imenimaliza. Ameshanunua mota ya feni mara mbili, zote used, na bado linachemsha. Nikamuuliza, linachemsha ukiwa kwenye mwendo au ukisimama? Kwenye mwendo mshale unakaa katikati vizuri, shida ni akisimama kupakia abiria. Jibu hilo limeshanisogeza mbali sana, kwa sababu ukitembea upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta, ukisimama ni feni peke yake ndo inafanya kazi. Lingekuwa linachemsha mwendo mrefu ningeanza na maji, themostati na rejeta yenyewe kama imeziba.

Saa 2:45 nafungua boneti (kifuniko cha rejeta hatugusi mpaka kipoe, nimeshaona mkono wa mtu uliobabuka, jamani msifanye haraka). Nakuta rilei (swichi ya umeme inayowasha feni) imetolewa, feni imeungwa direkti na kaswichi kadogo kwenye dashibodi, na waya waliotumia ni ule mwembamba wa spika, fyuzi hamna. Nimeumia kweli. Waya mwembamba bila fyuzi ukipata shoti unaungua wote mpaka ndani, na huyu mzee anabeba watu.

Mzee akawasha kaswichi, feni ikazunguka, lakini kivivu. Hapa ndo wengi wanasema mota imekufa, nunua nyingine. Mimi nikachomoa soketi ya feni nikapima, mita ikasoma volti 12.4, safi kabisa. Sasa hapo ndo mita inapodanganya watu, kwa sababu waya hata ukibaki uzi mmoja wa shaba mita itasoma volti zote, kwa vile hamna mzigo unaovuta. Nikarudisha soketi, feni ikizunguka nikapima tena kwa nyuma ya soketi: 8.1. Betri muda huohuo 12.3. Yaani volti 4.2 zinapotelea njiani na mota inapewa makombo.

Zinapotelea wapi? Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya hasi wa feni, feni ikiwa inazunguka. Inatakiwa isome karibu na sifuri, ikasoma 3.1. Upande wa chanya 1.1, huo ni ule waya wa spika, ukiushika una joto. Basi nikaufuata huo waya hasi, yaani ethi, mpaka chini ya kitako cha betri, bolti imepigwa rangi juu, inaonekana gari lilishanyooshwa bodi, na chini ya rangi kuna kutu na unga wa kijani. Nikafungua, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, kichwa kipya cha waya, nikakaza. Nikavuta waya mnene upande wa chanya, nikarudisha rilei na fyuzi ya ampea 30. Hiyo ni mpaka saa 5 na kitu, shati limelowa.

Kumbe bado. Kwenye Toyota nyingi za zamani kama hii ukichomoa soketi ya swichi ya joto (ile inayosikia joto la maji ya injini na kuamuru feni) ufunguo ukiwa umewashwa, feni inatakiwa izunguke, watengenezaji wamefanya hivyo ili waya ukikatika injini isife. Nikachomoa, ikazunguka kwa nguvu mpaka dogo akacheka. Nikarudisha, tukawasha injini tukasubiri, mshale ukapanda ukapita katikati na feni kimya. Hapo nikaelewa yule fundi wa kwanza alikimbia nini akaunga direkti.

Saa 7:10 mchana, injini imepoa, nimeifungua swichi nikaenda nayo kwa mama ntilie, nikaomba kisufuria cha maji jikoni kwake. Swichi nzima inakata umeme kwenye nyuzi kama 93, na ikikata ndo feni inawaka, na Dodoma tuko karibu mita 1,100 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo yanatosha, ila kidogo tu. Nimeizamisha kwa waya, sehemu zake za kuungia waya ziko juu, mita inalia piii, yaani umeme bado unapita, maji yanatokota, bado inalia. Haikati. Imeganda ndani. Mama anauliza fundi unapika nini leo, nikamwonyesha, akaangalia mpaka mwisho na mwiko wake mkononi.

Saa 8:30 dogo karudi na swichi mpya kutoka duka la spea, na bei yake haifiki hata robo ya mota moja aliyonunua mzee. Tukaifunga, tukajaza kulenti, maji maalum ya rejeta, badala ya yale maji ya kisima, maana visima vya huku vina chumvi na inakula rejeta na swichi zenyewe. Injini inaunguruma silensa bila kukanyaga mafuta, boneti wazi, sote watatu tumesimama tunasikiliza. Dakika kumi na kitu, kla! rilei, feni ikaingia, ikapuliza, mshale ukashuka, feni ikazima. Ikarudia. Mara ya nne mzee akaniambia mwanangu inatosha, nimeamini.

Zile mota mbili anazo kwenye buti, nilizipima zote kwa betri, zinazunguka vizuri.

Saa 12:50 jioni nafunga gereji simu inaita, mzee yuko stendi Bahi, injini inaunguruma, anapakia. "Sikiliza," akasogeza simu kwenye boneti.